Harusi Iliyogoma Mlangoni

Mdogo wangu aliye Muscat ana mkono wa kutoa, Mungu amzidishie, ila zawadi zake huja na kazi, na kazi hiyo huwa yangu. Mwaka juzi alimletea Mama zulia kubwa kuliko sebule. Mimi ndiye niliyelikata kwa wembe, siku nzima nimepiga magoti. Safari hii akaleta kishikwambi.

Mama alikigeuza huku na huku, akakirudisha kwenye boksi. Vidude hivi alivijua tangu Agosti 2022, makarani wa sensa walipopita mtaani kwetu Ngamiani nyumba kwa nyumba, na kwake kishikwambi ni chombo cha serikali. "Wanataka kunihesabu tena?" akauliza. Nikamweleza kuwa hiki ni chake mwenyewe: ataona harusi ya dada yetu, atasikiliza taarabu zake, atatazama picha za wajukuu. Uso ukakunjuka. "Harusi nzima?" Nzima, Mama. Neno hilo "nzima" ndilo lililoniponza.

"Kaka, hiyo ni kazi ya nusu saa tu," mdogo wangu alinitumia sauti. Nusu saa yake ilianza Jumamosi baada ya chai ya asubuhi, ikaisha Jumatano ya wiki ya pili.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Sensa ilipokwisha, vishikwambi vile viligawiwa kwa walimu, kwa hiyo yeye amekaa na kidude kama hiki miaka. Mwenye akili angemuuliza. Mimi nilimwomba anipishe mezani.

Nikachukua waya mweupe tunaochajia simu, nikachomeka upande mmoja kwenye kompyuta ya mezani na wa pili kwenye kishikwambi. Alama ya chaji ikatokea, kompyuta kimya. Nikachomoa, nikachomeka. Nikapuliza tundu. Nikazima kompyuta na kuiwasha upya, na kompyuta yetu ikiwashwa unaweza kwenda sokoni na kurudi. Mwalimu akapita na ungo wa mchele.

"Baba Watoto, huo waya ni wa kuchajia."

"Waya ni waya."

Hakunijibu. Alikwenda zake kuchagua mchele.

Kumbe waya si waya. Ndani ya waya wa kawaida wa USB, ukiwa kamili, mna nyaya nne ndogo: mbili za umeme, mbili za kupitishia data. Wa bei chee hutiwa zile mbili za umeme basi, na kwa nje huwezi kuutambua. Jioni nikaenda dukani nikaomba "ule wa data", nikapewa mweusi, mnene kidogo. Kompyuta ikalia ting! Nikamtazama Mwalimu kana kwamba mimi ndiye niliyegundua.

Folda ikafunguka tupu. Mwanangu wa darasa la sita, sambusa mkono mmoja, akateremsha pazia la juu la kioo kwa kidole chenye mafuta, akagusa palipoandikwa kuwa kifaa kinachaji, akachagua kuhamisha faili. Vifaa vya Android vya siku hizi vikichomekwa hujifanya vimekuja kula umeme tu, mpaka mwenyewe avipe ruhusa ya kufungua mlango, na kioo kiwe wazi. Cha kwetu kilikuwa kimeshajifunga tena. Mchoro wa kukifungua anaujua Mama, na Mama alikuwa msibani Chumbageni. Tukalala.

Jumapili nikaanza na picha, na hapo nikaelewa kuwa kishikwambi si flashi. Flashi ukiichomeka, kompyuta huingia ndani yake kama inavyoingia jikoni kwake. Kishikwambi hakiruhusu hayo. Kompyuta husimama dirishani kama mteja wa duka la Mangi: inaomba kitu kimoja, inasubiri, inaomba kingine. Ukitaka kunakili hiki huku unafuta kile, foleni inasimama. Na duka hilo halina kapu la taka: picha niliyoifuta kwa bahati mbaya haikwenda popote pa kuokotwa. Katikati ya zoezi Luku ikaisha, kompyuta ikazimika, ikabaki picha moja ya nusu: mjukuu kuanzia juu mpaka puani, chini yake kijivu kitupu. Hayo ni madogo. Tulinunua umeme, tukarudia.

Kubwa lilikuwa nafasi. Boksi limeandikwa GB 16. Mimi naona zimebaki nane na ushee. Nikashuku mdogo wangu kapunjwa. Hakupunjwa. Kiwandani GB moja ni baiti bilioni moja kamili, lakini Windows huhesabu kwa 1,024 badala ya elfu, kwa hiyo 16 za boksini zikifika mezani huitwa 14.9, na hakuna baiti hata moja iliyoibiwa. Halafu mfumo wenyewe wa kishikwambi umo humo humo, umekaa, hauhamishiki, kama shemeji aliyekuja kwa wiki moja. Halafu kuna kundi la WhatsApp la ukoo. Usiku ule ule Mama alipoungwa, ziliingia video za maulidi, dua za asubuhi, salamu za Ijumaa zenye mawaridi yanayometameta, na kila moja ikajihifadhi bila kuulizwa. Nilipofika kwenye harusi, nafasi ilikuwa GB nne kasoro.

Harusi yenyewe ni GB 5.4. Ni mkanda wa VHS wa mwaka 1998, saa tatu za sherehe, kuanzia dada akipambwa mpaka mashoga wa Mama wakicheza uani na kanga viunoni. Ukungu ulipoanza kuula mkanda, tuliupeleka studio, kijana akautoa wote kwenye faili moja. Tangu hapo harusi inaishi ndani ya kompyuta ya mezani.

Nikanunua memori kadi ya GB 32. Tupu kabisa, nafasi 29. Nikaikokota harusi kwa kipanya, nikaiachia juu ya kadi. Kompyuta ikaniambia faili ni kubwa mno, mahali linapopelekwa hapalipokei.

Tano ndani ya ishirini na tisa! Niliita nyumba nzima ije ishuhudie.

Ilinichukua siku mbili kuelewa, nami namweleza msomaji kwa dakika moja. Kadi za GB 32 hutoka kiwandani zimepangwa kwa mtindo uitwao FAT32. Mtindo huo ni wa zamani, na ukubwa wa kila faili huandikwa katika biti 32. Namba kubwa kuliko zote inayoenea humo ni 4,294,967,295. Faili likizidi hapo hata kwa baiti moja, halina pa kuandikwa. Ghala lina nafasi tele. Daftari la karani ndilo lenye safu finyu.

Jirani yangu, anayejua kila kitu baada ya kuharibika, akanikuta barazani. "Mngenunua iPad," akasema. Nikamwambia iPad ya kwanza, ile aliyoionyesha Steve Jobs Januari 2010, haikuwa na tundu la USB wala la kadi. Mafaili yalipitia programu ya iTunes kwenye kompyuta. Programu ya iPad yenyewe ya kupanga mafaili ilikuja 2017, na flashi ikapokelewa 2019. Miaka tisa flashi imesimama nje inabisha hodi! Akaniuliza basi nini suluhisho langu. Sikuwa nalo, ila nilikuwa nimemshinda kwa tarehe.

Suluhisho nililipata kwa kijana wa duka la kuwekea watu muvi: ifomati kadi kwa mtindo wa NTFS, itameza chochote. Kweli, harusi ikaingia yote. Kwa furaha nikaongeza nyimbo za Mama, 312. Na kwa kuwa kompyuta nayo imejaa mpaka pomoni, nyimbo sikuzinakili. Nilizikata na kuzibandika. Hapo tu ndipo natamani siku ile irudi.

Nikachomeka kadi kwenye kishikwambi, nikamkabidhi Mama kwa mikono miwili, nikaenda kuoga. Niliporudi alikuwa ametulia, amevaa miwani, ameridhika.

"Umeiona harusi, Mama?"

"Bado. Kimesema kadi yake mbovu, kikaniuliza kama nataka kitengeneze. Nikakubali."

"Mama! Umekubali?"

"Nani anayekataa kutengenezewa, mwanangu?"

Kishikwambi hakiijui NTFS. Kikikutana nayo huiita kadi mbovu na kujitolea kuisafisha, na kinasafisha kwa moyo mmoja. Harusi haikunitia hofu, hiyo nilikuwa nimeinakili tu, na yenyewe bado ipo kwenye kompyuta. Lakini nyimbo 312 hazikuwa mezani wala kwenye kadi. Nilikaa juu ya kigoda na taulo langu.

Ndipo Mwalimu alipoacha kusahihisha madaftari. "Usiiguse hiyo kadi. Usiweke kitu hata kimoja." Akaichomoa. Kufomati kwa haraka, akanieleza kwa sauti ile anayowapa wanafunzi wa mkondo wa mwisho, mara nyingi hufuta orodha tu. Vitu vyenyewe hubaki palepale mpaka vipya vikalie juu yake. Akaweka kwenye kompyuta programu ya kuokoa mafaili, akaiacha ikifukua usiku kucha. Asubuhi nyimbo 240 zilikuwa zimerudi, ila bila majina. Orodha iliyofutwa ndiyo iliyokuwa na majina, kwa hiyo kila wimbo ulirudi na namba ndefu kama ya mfungwa.

Basi Mama akaitwa mezani. Siku mbili alikaa kando ya kompyuta, Mwalimu akifungua wimbo na Mama akiutaja kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Alitambua mwimbaji na kundi lake la taarabu kwa fidla tu. "Huyo Juma Bhalo." "Huyo Shakila, hapo yuko Black Star." Nikamwambia, Mama, andika Shakila inatosha. "Haitoshi. Huyu unayefuata ni Shakila wa Lucky Star. Nyinyi hamna masikio." Tangu zije, nyimbo zile ziliitwa "Wimbo 01", "Wimbo 02". Leo zina majina kamili, na zile 72 zilizopotea Mama anazidai kwangu kwa kuzitaja moja moja, hasa tukiwa mezani na wageni.

Harusi ilikuwa bado imekwama. Kadi imesharudishwa na kishikwambi kwenye FAT32 yake, nami nimekaa sebuleni naitazama kama mtu aliyegombana na kaburi. Mama akauliza tatizo ni lipi. Nikamwambia, harusi ni kubwa kuliko mlango.

"Kitanda kile cha samadari cha marehemu baba yako kiliingiaje humu ndani?"

"Kilifunguliwa, Mama. Fundi alikitenganisha vipande."

"Ehe."

Mwalimu akaikata harusi vipande vitatu, kila kipande saa moja na GB 1.8, kwa dakika zisizotimia kumi. Vikaingia vyote. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakufanya hivyo tangu Jumamosi ya kwanza, nikakumbuka nilimwomba anipishe.

Mdogo wangu alipopiga simu kuuliza kama zawadi ni nzuri, nilimpa jibu langu, nami nalisimamia. Kishikwambi ni sinia. Kupakulia hakina mfano: kioo kikubwa kwa macho ya mzee, chepesi kitandani, herufi unazikuza kwa vidole viwili. Lakini mtu hahifadhi mahindi ya mwaka kwenye sinia. Nafasi yake ya ndani haiongezeki, kina tundu moja la USB, kwa hiyo ukichomeka flashi huchaji na ukichaji huchomeki flashi, na kikiulizwa jambo kisilolijua hupendekeza kufuta. Kompyuta yangu kuukuu, yenye feni inayolia kama mashine ya kusaga, ndiyo ghala. Kila kilichomo kwenye sinia ya Mama sasa kina pacha wake ghalani, na pacha mwingine kwenye flashi iliyofungwa ndani ya kasha la dhahabu zake. Mdogo wangu akasikiliza yote, akasema, "Kwa hiyo kinafanya kazi?" Nikakata simu.

Kinafanya kazi. Kila baada ya Isha Mama hujilaza kwenye samadari na kufungua kipande cha pili. Cha kwanza, chenye bibi harusi, hajakigusa. Cha tatu, anachocheza yeye mwenyewe, hajakigusa pia. Huenda moja kwa moja dakika ya 41, ambapo mpiga video alipita jikoni kwa bahati tu, na Baba yuko pale kwenye sufuria za pilau, kanzu imepandishwa, anagombana na mpishi. Sauti yake haisikiki, matarumbeta yameizima. Picha nyingine ya Baba akitembea hatuna. "Anasema nini, Bibi?" wajukuu humuuliza. "Anasema nyama chache." Kisha hurudisha nyuma.

Jirani wa iPad aliuazima waya mweusi Ijumaa iliyopita, akatuachia wake mweupe. Kama anasoma haya, namwomba aurudishe. Huu wake ni wa kuchajia tu.