Namna ya Kupumzika Wikendi Nzima na Kurudi na Heshima Zenu

Wewe na mwenzako mmechoka. Mmefika mahali pa kuulizana "Umelipa stima?" kabla ya kuulizana hali. Basi nisikilize. Nakupeleka Naivasha, kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, Ijumaa hadi Jumapili, na nitakufundisha kukwepa kila jambo isipokuwa mawili: usingizi, na huyo uliyekuja naye. Kukwepa kuna ufundi wake. Twende.

1. Aga kwa maneno machache

Watoto wapeleke kwa nyanya yao. Usimwambie mnakwenda kupumzika. Kwa mzee aliyeamka na jembe maisha yake yote, anayepumzika mchana ni mgonjwa, na utaulizwa unaumwa nini. Sema, "Mama, tuna shughuli Naivasha." Hujamdanganya, maana shughuli kubwa kuliko hiyo huna mwaka huu. Mpe sukari na majani ya chai, mwachie pesa ya maziwa, kisha shika njia.

Ondokeni saa nane mchana, kabla magari hayajabanana. Mkifika ukingoni mwa Bonde la Ufa, simameni mnunue mahindi ya kuchoma, yale yaliyopakwa ndimu na pilipili. Mkitafuna, tazameni Longonot. Mlima ule una mita 2,776, na ninyi mmeshaupanda kwa macho, magoti yakiwa salama.

2. Maliza picha mapema

Najua unataka watu wajue mlikwenda. Usione haya, kila mtu anataka. Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado laini, tenga nusu saa. Pigeni picha mkiwa mmevaa nguo za Jumamosi, badilisheni, pigeni tena na za Jumapili. Halafu zima simu uitie kwenye droo.

Picha zitume mkisharudi, moja moja, wiki nzima. Majirani watahesabu siku saba. Ninyi mtakuwa mmelipia mbili.

3. Endesha baiskeli, lakini kidogo

Hell's Gate ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambamo unaruhusiwa kupita kwa baiskeli katikati ya pundamilia na swala. Kodisheni mbili pale lango la Elsa, mnyonge taratibu hadi Mnara wa Fischer, lile jiwe la volkeno lililosimama peke yake, urefu wa mita 25 hivi. Liko karibu na lango. Shukeni, futeni jasho, geuzeni.

Aliyefika kwa Fischer ameendesha baiskeli Hell's Gate. Hakuna atakayekuuliza kilomita. Safari iliyobaki, ya kwenda kuoga kwenye bwawa la maji moto la Olkaria, ifanyeni kwa gari.

4. Vua kila kitakachokuaibisha

Olkaria ndiko Kenya inakovuna umeme wa mvuke wa ardhini tangu mwaka 1981. Maji ya moto yanayopanda na mvuke hutengwa, hupozwa, na mengine huingia kwenye bwawa la kuogea, ya samawati iliyochanganyika na weupe kama wa maziwa. Hewa inanuka yai viza. Usikunje uso. Pua huzoea upesi, na anayelalamika huonekana mgeni.

Jambo la hatari ni pete. Kama pete yako ni ya fedha, ivue hotelini. Ile ile gesi inayonuka ndiyo inayoila. Kwanza inafifia pembeni kwenye nakshi, halafu inaingia ukahawia, na jioni iko nyeusi kama kitako cha sufuria. Hutaki kumweleza mkeo kwa nini pete ya ndoa imeingia giza katika safari ya mapenzi. Ikishatokea, isugue kwa dawa ya meno na kitambaa laini kabla ya chakula cha jioni.

Dada yangu, wigi nalo liache chumbani. Nywele zilizopigwa pasi na mvuke hazijawahi kuelewana. Funga kilemba kizuri, utapendeza na utatulia. Ndugu yangu, kitambi usikibane. Ndani ya joto pumzi haitoshi kupumulia na kubania tumbo kwa wakati mmoja. Kiachie tangu mlangoni. Kikitoka nawe kinaonekana chako. Kikikutoka katikati, kila mtu atageuka.

5. Toka saunani kama shujaa

Hapa ndipo wengi huharibikiwa, kwa hiyo tulia unisikie. Iwe sauna ya hotelini au chumba cha mvuke, kanuni ni moja: joto hupanda. Benchi la juu linaiva, la chini lina huruma. Keti la chini, pigapiga nafasi iliyo kando yako, useme, "Njoo ukae karibu nami." Umechagua mahali rahisi, na mwenzako amesikia upendo. Yote mawili ni kweli.

Usishindane na mtu. Wenye sauna yao ni Wafini, watu milioni 5.5 na sauna zaidi ya milioni 3, na desturi yao UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2020. Huko watu huingia kukaa kimya na kutoka wakichoka. Mji wao wa Heinola ulikuwa na mashindano ya dunia ya kuvumilia joto. Mwaka 2010, katika fainali, mshindani mmoja alikufa na mwenzake akaungua vibaya, na mashindano yakakoma. Kwa hiyo dakika kumi zakutosha, wala usidaiwe maelezo.

Ukishaona masikio yanachoma, mwambie mwenzako: "Mpenzi, ngoja nikakuletee maji." Umetoka, na umetoka kwa huduma. Lete maji kweli, ya baridi, glasi ikitiririka jasho lake yenyewe. Naye ataipokea, atameza funda moja, na atasema, "Hebu twende tukanywee nje." Mmetoka wote, hakuna aliyeshindwa. Sijaona njia nyingine ya kutoka saunani inayoacha ndoa ikiwa na nguvu kuliko ilivyoingia.

Pombe iacheni kabisa kabla ya joto. Mwenye mimba, presha au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza. Katika haya mawili sina njia ya mkato.

6. Laleni mapema, kisingizio kiko ziwani

Usiku viboko hutoka Ziwa Naivasha kuja kula majani, hata kwenye nyasi za hoteli zilizo ufukweni. Kiboko huua, kwa hiyo hakuna matembezi gizani bila askari. Tumia sababu hiyo bila aibu. Saa tatu usiku funga mlango: "Tungetoka, lakini viboko." Mkilala saa kumi mfululizo, msihesabu kuwa mmepoteza siku. Mwenzako akikoroma, mwache. Anakoroma kwa niaba ya mwaka mzima.

Jumapili ondokeni kabla ya saa sita mchana. Barabara ya jioni itawarudishia uchovu wote mliouacha.

7. Mfuko ukikataa, fanyeni nyumbani

Mvuke haukuanzia hotelini. Kule Kidichi, Unguja, Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu mwaka 1850. Nyanya zetu hawakuwa na hamamu, walikuwa na sufuria, majani ya mwarobaini na blanketi. Chemsheni, epueni, wekeni sufuria chini mahali isipoweza kupinduka, mjifunike wawili na uso ukae mbali na maji. Chini ya blanketi lile hakuna simu inayoingia, na mtu hawezi kumkwepa mwenzake hata akitaka.

Nimekufundisha kukwepa mlima, foleni, mashindano na wakwe. Mtu uliyemwoa, au aliyekuoa, ndiye pekee ambaye sina mbinu ya kumkwepa, na nisingekupa hata ningekuwa nayo. Chagua tarehe leo. Mwambie usiku huu, kabla hajauliza habari ya stima.