Sifa za Filimbi Isiyolia

Waliotutangulia katika kazi ya kusifu hawakutuachia nafasi kubwa. Wamekwisha sifiwa masultani na majemadari, majahazi na farasi, wake wema na wali wa nazi. Lucian wa Samosata, katika karne ya 2, alikaa kitako akamsifu nzi, na Erasmus wa Rotterdam mwaka 1511 akachapisha kitabu kizima cha kuutukuza upumbavu, hisani ambayo upumbavu umekuwa ukiilipa tangu hapo kwa ukarimu mwingi. Basi mimi, niliyezaliwa nyuma ya wote hao, nimejiokotea kilichosalia, nacho ni kipande cha mwanzi kitokacho Japani, kiitwacho shakuhachi, ambacho kimekaa nyumbani kwangu hapa Kakamega muda wa kutosha kunijua tabia, na ambacho kwa kila pumzi niliyokikopesha kimenirudishia pumzi ile ile, haikupungua wala haikuzidi, na sauti haimo.

Asiyeijua filimbi hii na afahamishwe. Urefu wake wa kawaida ni kadiri ya sentimita 54 na nusu. Hukatwa upande wa shina la mwanzi, karibu na mizizi, pale mafundo yanapokaribiana, ikatobolewa matundu matano, manne mbele na moja nyuma kwa kidole gumba. Haina ulimi wala kipande cha kutia kinywani. Juu iko wazi, na ukingo wake umechongwa mshazari upande mmoja hata ukapata makali, na ni juu ya makali hayo ambapo mpulizaji hutakiwa auelekeze uzi mwembamba wa hewa utokao kati ya midomo yake, hewa iyumbe ndani na nje, itetemeke, izae sauti. Jambo lile lile alifanyalo mtoto juu ya mdomo wa chupa ya soda, isipokuwa chupa ina huruma. Midomo ikipotoka kwa upana wa unywele, hupati kitu. Ukiongeza nguvu, unapata upepo mwingi zaidi. Aliyeniachia, mwalimu wa kujitolea kutoka Japani tuliyefundisha naye shule moja, alinitahadharisha kwa upole wa kwao nisitazamie mengi upesi, kwa kuwa nchini mwake husemwa kwamba miaka mitatu hupita katika kujifunza kutikisa kichwa tu, maana kichwa ndicho kitiacho mawimbi katika sauti. Kichwa nimekitikisa. Imebaki sauti.

Fadhila zake ndogo nitazipitia mbio. Ni nyepesi, haili, haiugui. Huokoa fedha, maana mtu akiipuliza kwa dhati hupata kizunguzungu ambacho wenziwe hukigharimia. Na jirani yangu mmoja wa makamo ya babu, alipoiona imeegemezwa ukutani, aliiheshimu sana, akidhani ni mrija wa busaa, akaniuliza kwa sauti ya chini mtungi nimeuficha wapi. Ina nasaba: ndiyo waliyoipuliza watawa wa madhehebu ya Fuke, waliotembea njiani wamejifunika nyuso kwa vikapu vya kusukwa, ada ambayo hapo awali niliihesabu kuwa ni ibada na sasa naiona kuwa ni busara tupu, kwani mwanafunzi wa filimbi hii hapendi kutambulikana. Serikali ya Meiji iliyavunja madhehebu hayo mwaka 1871. Sababu alizo nazo kila mwanahistoria na azitoe, mimi nashuku majirani. Tena ni msafiri: wimbo mmoja wa shakuhachi, uliopulizwa na Goro Yamaguchi, umo katika zile santuri zilizopakwa dhahabu na kupakiwa ndani ya vyombo viwili vya Voyager mwaka 1977, na vyombo vyote viwili vimekwisha vuka mpaka wa upepo wa jua. Filimbi hii, kwa hiyo, imefika kati ya nyota, ila sebuleni kwangu haijafika.

Lakini hayo ni makombo. Fadhila yake kuu, ambayo kwayo nimeshika kalamu, ni kwamba hailii.

Msomaji asiyekaa Kakamega hawezi kuipima neema hii. Mji wetu umejaaliwa mvua, miwa, kuku, na msitu wenye mbega na hondohondo. Na juu ya hayo umejaaliwa kelele. Alfajiri huanza makanga wa matatu za Kisumu, ambaye huwataja kwa majina ya vituo abiria ambao bado wamelala; zikafuata bodaboda zilizong'olewa sailensa kwa makusudi; saa nne duka la simu likatoa spika mbili nje ili zishindane na spika mbili za duka la pili, na yote mawili yanauza bidhaa moja kwa bei moja; na saa tisa mhubiri wa uwanjani akafungua mkutano wake, akimwomba Mwenyezi Mungu, asikiaye hata yaliyofichwa moyoni, kwa mashine ambayo ingetosha kumwita mtu aliyeko Busia.

Katikati ya haya yote filimbi yangu imesimama na msimamo wake. Haijamwamsha mtoto wa mtu. Haijamkatiza mgonjwa usingizi, wala haijamfanya mwanafunzi wa chuo kikuu asome mstari mmoja mara nne. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira, zimeweka kwa usiku kikomo cha desibeli 35 katika makazi ya watu, na usiku, kwa hesabu ya kanuni, huanza saa mbili. Nami nimezisoma kwa makini ya wakili aliyelipwa, nikailinganisha filimbi nazo kifungu kwa kifungu, na ninathubutu kutamka kwamba hakuna mkazi wa kaunti hii, awe mwananchi au mheshimiwa, anayezitii kwa ukamilifu huo. Imezitii usiku na mchana. Imezitii sikukuu na siku za kazi. Imezitii hata nilipoishika kwa ghadhabu nikaivuvia hadi machozi yakanitoka: wakati huo, uliokuwa na kila udhuru wa kuivunja sheria, haikuivunja. Naiona wakati mwingine pale juu ya kabati la vyombo, imenyooka, imenyamaza, nikatamani bunge la kaunti lingeitwa kuja kuitazama.

Wala ukimya wake hauna uhusiano na udhaifu wa nyenzo. Mjukuu wangu ana rekoda ya plastiki, aliyoamriwa na mtaala wa shule awe nayo, na rekoda hiyo hulia kwa pumzi ya kwanza, hulia kwa pumzi ya bahati mbaya, na sina shaka ingelia kwa upepo wa dirishani. Haina maadili.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili. Siwa, zile pembe adhimu za Lamu na Pate, moja ya shaba na moja ya pembe za ndovu, hazikupulizwa ovyo: zilikuwa na wenyewe, zilikuwa na siku zake, na aliyetaka siwa ilie arusini kwake ilimpasa awe mtu wa ukoo na aombe ruhusa. Sisemi turejee kwenye koo, kwa sababu kwa hesabu hiyo mimi nisingeruhusiwa hata kupiga chafya. Nasema tu kwamba palikuwa na zama ambapo sauti kubwa ilikuwa na masharti. Siku hizi sharti lake ni waya na soketi.

Na pasipo soketi, jenereta. Hapa namwomba msomaji radhi, kwa kuwa nilikusudia kuandika juu ya filimbi. Lakini ni nani aliyetuambia kwamba maiti hulindwa kwa spika? Upande wetu huu wa kwenda Khayega alifariki mzee mmoja, Mungu amrehemu, mtu mpole ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwita mtu kwa kupaza sauti, alikuwa akimfuata mpaka alipo. Na usiku wote aliolala uani mwake akisubiri kuzikwa, vijana wasiomjua jina walimpigia muziki hadi jogoo wakawika bila kusikika, wakachangisha fedha ambazo mjane hakuziona, ilhali watoto wa shule za msingi wakicheza gizani saa nane za usiku na hakuna aliyeuliza wa nani. Disko matanga imepigwa marufuku mara nyingi mno. Marufuku hiyo hutangazwa kwa kipaza sauti.

Na hapo hapo, mwaka 2014, UNESCO iliiandika isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa kaunti hii hii, katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Fikirini maana yake. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zihesabiwazo kuwa baba, mama na mtoto, pamoja na pembe na njuga, zilizokuwa zikimpokea binadamu azaliwapo na kumsindikiza azikwapo, na ambazo zahitaji watu waliofunzwa na mikono yenye uchovu, hizo ndizo zinazohofiwa kutoweka. Spika ya kukodi haimo katika orodha ya hatari yoyote, na inaendelea vizuri.

Nilipeleka malalamiko yangu katika ofisi moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa watu wake walinipokea kwa adabu. Karani aliniuliza kelele hutokea saa ngapi. Nikamwambia usiku. Akasikitika, akasema usiku ofisi imefungwa. Akauliza ni za desibeli ngapi. Nikajibu kwamba sijui, sina kipimo. Akasema kipimo wao wanacho, ila kilikwenda Nairobi kurekebishwa na hakijarudi. "Basi, mzee wangu, andika barua." Nikaandika, kurasa mbili, kwa Kiswahili ambacho ningemsahihishia mtahiniwa kwa furaha. Akaisoma yote, akaisifu mwandiko, kisha akauliza nakala ya chifu iko wapi. Nikamwendea chifu. Nilimkuta ni mgeni wa heshima katika harambee yenye spika nne, tukalazimika kuzungumza kwa ishara, na mpaka leo sijui kama alikuwa akikubaliana nami au akinionyesha mahali pa kuketi.

Tangu siku ile heshima yangu kwa shakuhachi imezidi. Haihongeki. Haimjali mwenye gari wala mwenye jenereta, haina habari na vyeo, na yeyote aijiaye kwa mabavu humwacha na upepo wake mwenyewe. Kwa hiyo napendekeza, kwa taadhima kubwa, iingizwe katika utumishi wa umma. Sheria yetu humtaka mgombea wa ugavana awe na shahada ya chuo kikuu, karatasi ambayo tumeona ikizua mabishano hadi mahakamani. Ifikapo 2027, karatasi iachwe, na mgombea akabidhiwe filimbi mbele ya msimamizi wa uchaguzi: atakayetoa noti moja safi, matundu yote yamezibwa, ndiye apewe kipaza sauti. Atakayeshindwa asifukuzwe, la, demokrasia haipendi ukatili. Aendelee kujaribu muda wowote autakao, maadamu mtu hawezi kujaribu shakuhachi na kuahidi lami kwa wakati mmoja. Wabunge, madiwani, wahubiri wa uwanjani, wauza simu na makanga wafuate kwa zamu zao. Nimejaribu kuikadiria kampeni ya namna hiyo: magari yanapita Lurambi, wapambe wamevaa fulana mpya, juu ya paa la gari mheshimiwa amesimama mashavu yamemjaa, na kinachosikika ni fff, fff, hadi Shinyalu.

Uadilifu wanilazimu nieleze kwamba siku moja sauti ilikuja. Yalikuwa matanga mengine. Jenereta likaishiwa petroli, spika zikakatika katikati ya neno, na mtaa mzima ukanyamaza kwa ghafla hata nikasikia vyura, ambao nilidhani walihama. Nilikuwa nimeishika filimbi kwa mazoea tu, midomo imelegea kwa uchovu, nikapuliza kidogo kuliko nilivyowahi kupuliza, na mwanzi ukaitika: noti nene, yenye mikwaruzo, iliyopanda hadi darini, ikayumba, ikakatika. Sitaisifu kwa uzuri, maana haikuwa nzuri. Nilipotaka ya pili haikuja, na kabla sijaitafuta vizuri petroli ilikuwa imeletwa.

Asubuhi, chai haijachemka, mzee wa mtaa alibisha hodi, kofia mkononi.

"Mwalimu, umeamkaje?"

"Salama, mzee. Karibu ndani."

Hakuingia. Alisema kuna malalamiko. Watu wamesikia mlio usiku. Baadhi wanasema ni mkimbiaji wa usiku, na mama mmoja hakulala tena tangu pale. Imetoka habari kwamba ulitokea kwangu. Je, hicho chombo nina kibali chake?

Nikamwuliza, kwa upole niliouweza, kuhusu zile spika, ambazo wakati tukisema zilikuwa bado zinadunda ng'ambo ya kijito na kulifanya bati la jikoni litetemeke.

"Hizo, Mwalimu, watu wamezizoea."

Nilimletea kiti na chai hapo hapo barazani, nikamshauri aandike barua, na asisahau nakala ya chifu.