Sifa za "Who" na Nduguze

Washairi huwasifu watawala na wapenzi wao. Mimi namsifu aliyenilisha: "who", pamoja na nduguze "whom", "whose", "which" na "that", virejeshi vya Kiingereza vinavyounga sentensi mbili zikawa moja. Mwaka wa kumi na tisa huu nasomesha tuisheni ya jioni katika chumba cha ghorofani, Vikokotoni, na jamaa hawa watano hawajaniangusha hata mwezi mmoja. Umeme wamenilipia wao. Bati la uani, wao. Watoto wa Unguja wangewaelewa siku ya kwanza, mimi leo ningekuwa nauza ukwaju.

Ni watu wa nasaba. Binadamu ni "who", kitu na mnyama ni "which". Paka wa Darajani anayevizia vichwa vya samaki ni "which" tangu azaliwe. Akitokea mtalii akampa jina, papo hapo anapanda daraja, anakuwa "who". "Whom" ni bibi wa zamani, hatoki ovyo: mara moja kwa mwaka, siku ya mtihani, kisha anarudi ndani. "That" hana makuu. Mara nyingi ukimfukuza sentensi inaendelea bila yeye, wala hanuni.

Lakini sifa yao kubwa ni ya kuoza na kuacha. Alikuja kwangu mzee mmoja kutaka barua ya Kiingereza, ampeleke mkewe India kutibiwa. Akasema: "Andika, mke wangu anayekaa Makunduchi ni mgonjwa." Nikaandika kwa haraka, "My wife who lives in Makunduchi". Barua ikapelekwa ofisi moja, sitaitaja, ikarudi na swali kwa wino mwekundu: taja majina ya wake wengine. Mzee akapanda ngazi zangu akihema. "Maalim, umeniozesha lini?"

Kosa lilikuwa langu. Bila mkato kabla ya "who", Kiingereza kinaelewa kwamba wake ni wengi na huyu ni yule wa Makunduchi. Ukitia mkato, mke ni mmoja, na Makunduchi ni habari tu ya ziada. Basi pimeni wenyewe fadhila hii. Sisi mtu akitaka kuongeza mke hutafuta walii, mashahidi wawili, mahari, halua, na ujasiri wa kumwambia wa kwanza. Kiingereza kinamaliza yote kwa kutotia mkato. Kuacha ni rahisi zaidi: unarudisha mkato, wake wote waliozidi wametoka, hakuna talaka, hakuna eda, hakuna vyombo vya kugawana. Mwanafunzi wangu mmoja mwenye kaka watano aliandika juu ya yule aliyeko Muscat, akatia mkato mahali usipotakiwa, akawafuta wanne kwa mpigo mmoja wa kalamu. Mirathi ingegawanywa kwa sarufi hii, Mahakama ya Kadhi ingefunga saa nne za asubuhi.

Kiswahili hakina uwezo huo. "Mke wangu anayekaa Makunduchi" haisemi ni wangapi. Idadi imeachiwa majirani, na majirani wanajua.

Ningeendelea kusifu, ila juzi niliandika ubaoni: "This is the man. His goat was stolen." Unganisheni. Binti wa kidato cha pili akaandika, "This is the man who his goat was stolen." Nikamtia mkasi mwekundu. Akaniuliza taratibu: "Maalim, si ndivyo tunavyosema? Mtu ambaye mbuzi wake kaibiwa."

Ndivyo. Kwetu "wake" haachwi njiani. Na anayeandika "the book which I bought it" hajapotea. Amebeba ile -ki- ya "kitabu nilichokinunua" kwa uaminifu, akaambiwa huku haihitajiki. Mtoto huyu kabla hajajua kufunga kanga alikuwa na -ye-, -o-, -yo-, -lo-, -cho-, -vyo-, -zo-, -po-, -ko- na -mo-, kumi zote, na kila moja anaitia pahala pake. Hakulipia tuisheni. Hajawahi kusema "kanga niliyekianika". Leo, kwa kukosa "whose", anaambiwa hawezi kuunga sentensi. Na kwa kuwa karatasi ya kemia nayo imeandikwa Kiingereza, anaambiwa na kemia haijui. Hapo mzaha unanishinda. Aliyebuni mpango huu amewahi kukaa darasani akaziona nyuso hizi?

Na lugha ya mtoto huyu si ya kudharauliwa. Edward Steere, Mwingereza, alifika Unguja 1864, akajifunza Kiswahili kwa watu wa mji huu, na 1870 akakitolea kitabu cha sarufi. Kulipotafutwa lahaja ya kusanifishia Kiswahili, mkutano wa Mombasa wa 1928 ukachagua Kiunguja, yaani maneno ya mitaa hii. Sasa nendeni mkasome tangazo nililoliona langoni pa ofisi moja humu humu mjini: "Wananchi ambao wanakuja kwa ajili ya huduma ambazo zinatolewa." Wanaokuja! Zinazotolewa! Nilimuuliza karani kwa nini. Akanijibu "ambao" ina urasmi zaidi. Ni "who" huyo, kavishwa kanzu na kofia, kapewa kiti mbele.

Yule mzee alirudi wiki iliyopita. Mkewe kapona, alhamdulillah. Alikuwa amevaa kikoi kipya, ananukia udi, anataka barua nyingine kwa ofisi ile ile. Nikachukua kalamu, nikamwahidi safari hii mkato sitausahau.

Akatazama ngazini kama kuna anayepanda, akanisogelea.

"Maalim," akasema, "andika ile ile ya kwanza."