Pesa za Sanda

Mavyaa wangu alikuwa akipika mahamri Majengo, Mombasa, miaka mingi kabla sijaolewa katika nyumba yake. Kwa mahamri hayo na mbaazi za nazi alisomesha watoto watatu, na alipofiwa na mumewe akaezeka paa jipya bila kukopa kwa mtu. Kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumfundisha mambo ya pesa. Benki alikuwa nayo, chumbani mwake.

Chenji ya siku ilikaa kwenye pindo la leso. Pesa za unga na mafuta zilizikwa ndani ya pipa la mchele, katika mfuko wa nailoni wa kabla ya mifuko hiyo kupigwa marufuku mwaka 2017, hivyo hata mfuko wenyewe ulikuwa wa kufichwa. Za karo za wajukuu zilishonewa ndani ya mto wa sufi. Za dharura zilibanwa nyuma ya kioo cha kabati. Kila mtoto aliitwa peke yake, akaapishwa, akaonyeshwa mahali pamoja tu. Mume wangu alijua mto, shemeji akajua pipa, wifi akajua kioo, na kila mmoja aliamini kwamba yeye ndiye aliyeaminiwa. Mwizi akimbana mmoja, atapata fungu moja. Ukiniuliza mimi, nitakwambia nimeona maofisi yenye walinzi yakilinda mali kwa akili ndogo kuliko hiyo.

Na sababu alikuwa nayo. Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016, benki tatu nchini Kenya ziliwekwa chini ya mrasimu. Katika mojawapo, kaka yake alikuwa ameweka kiinua mgongo chake chote cha bandarini. Wakati huo bima ya amana ilimlinda mwenye akaunti kwa shilingi 100,000 tu. Zilizozidi hapo zilibaki za kusubiri, na kaka mtu alisubiri hadi sukari ikampanda. “Benki ikifa,” mavyaa huuliza hadi leo, “matanga yake huwekwa wapi?” M-Pesa aliikubali kwa wateja, lakini siku zile akaunti haikuweza kubeba zaidi ya shilingi 100,000, na simu yake ilikuwa mchezo wa wajukuu.

Tarehe 1 Juni 2019 ilitukuta katika kumi la mwisho la Ramadhani. Tuko jikoni, futari za wateja zinaungua na kuokolewa, na runinga ya sebuleni inaonyesha sherehe za Madaraka kutoka Narok. Akasimama Gavana wa Benki Kuu, Patrick Njoroge, akatangaza noti mpya. Halafu akaongeza kwamba noti ya zamani ya shilingi 1,000 haitakuwa pesa tena kuanzia tarehe 1 Oktoba. Hamsini, mia, mia mbili na mia tano za zamani zingeendelea kutumika. Aliyehukumiwa alikuwa elfu peke yake. Shabaha ilikuwa waliolalia mamilioni ya wizi na noti bandia. Mavyaa alikuwa ameshika kijiko cha matundu. Aliendelea kugeuza kaimati zake, hata jicho hakuinua.

Mtaani maneno yalikuwa mengine. Katiba ya 2010 imekataza sura ya mtu kwenye pesa, na noti mpya zilikuja na jengo la KICC, lakini mbele ya jengo ipo sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta. Mwanaharakati mmoja akaenda mahakamani. Baraza letu lilibishana wiki nzima kama sanamu ni sura au si sura, na nilivyoona, waliopaza sauti zaidi ndio waliokuwa na noti za zamani ndani.

Nyumbani kwetu kukawa na kimya cha watu waliokula kiapo. Mume wangu alikuwa akiamka usiku na kukaa kitandani. Nikimuuliza, asema ni mbu. Shemeji akaanza kuja kula kwetu kila siku, na kila siku aulizia wali. Wifi, ambaye ana kioo kizuri kwake, akawa hapiti bila kuingia kujitazama kwa mamake. Hakuna aliyemuuliza mama mwenyewe. Kumuuliza ni kukiri kwamba una siri, na pia kumwambia mzazi kwamba huenda amesahau au amechelewa, na neno hilo kwetu ni zito.

Agosti mambo yakawa mabaya zaidi pale barazani. Wateja waligundua njia rahisi ya kuzitema noti zao: mtu anunua mahamri ya hamsini, atoa elfu ya zamani, aondoka na chenji safi. Mavyaa aliwavumilia siku chache, kisha akasema asiye na pesa ndogo atakula kesho.

Katikati ya Septemba alialikwa arusi Kisauni. Mlango wa nje ulipofungwa tu, nikasikia mume wangu akinyata. Baada ya dakika chache nikasikia ukelele, nikakimbia. Alikuwa amepasua mto. Sufi imepanda hewani, imemwingia puani na kwenye ndevu. Chini ya dirisha shemeji alikuwa amechutama, mkono wake umezama kwenye pipa hadi begani. Wifi alikuwa nyuma ya kabati, na kwa kuwa hakutaka kuonekana, alikuwa amekumbatia kioo kama mtoto mchanga.

“Watafuta nini?” mume wangu akamuuliza mdogo wake.

“Mchele.”

“Na wewe?”

“Najitazama,” wifi akajibu, na kioo kimegeukia ukuta.

Kiapo kilivunjika hapo hapo, kwa zamu. Kisha ikaja habari mbaya zaidi: mto ulikuwa na sufi tupu, pipa lilikuwa na mchele mtupu, na nyuma ya kioo kulikuwa na vumbi. Hapo ndugu waliolelewa kwa titi moja wakaanza kuulizana nani alinunua simu mpya Julai. Hawakusikia mlango.

“Mwatafuta nini chumbani mwangu?”

Mavyaa alikuwa amesimama na buibui lake, ana sahani ya biriani ya kutuletea. Aliwatazama mmoja mmoja, wote weupe kwa sufi. Kisha akaeleza, bila hasira, kama mtu anayetaja bei. Siku ya pili ya Idi alikwenda kwa mwenye duka la jumla Mwembe Tayari, akalipia unga, sukari na mafuta ya miezi, yakaandikwa kwenye daftari mbili, moja kwake na moja kwa mwenye duka. Noti za zamani zilikuwa halali bado, na duka lilizipokea kwa mikono miwili. Zilizobaki alizipeleka kwenye chama cha akina mama chenye akaunti, kwa jina lake. “Mlidhani sijui kusikiliza redio?” Kisha akawaletea ungo, wakae waichambue sufi kwenye mchele.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Jumapili tarehe 29 Septemba nilikuwa natoa leso ya kwendea matanga ya jirani. Naihifadhi kwenye kasha la mvule lenye misumari ya shaba alilonipa mavyaa nilipoolewa. Mavyaa akapita, akaliona limefunguliwa, akakaa kitandani kwangu ghafla.

“Mwanangu, toa hiyo droo.”

Chini ya droo kulikuwa na ubao wa kuteleza. Chini ya ubao kulikuwa na kitambaa chenye harufu ya ubani, ndani yake shilingi 62,000, zote noti za elfu za zamani. Pesa za sanda: kitambaa, karafuu maiti, marashi, chakula cha watakaokuja kumlilia. Hakumwambia yeyote, maana hakutaka mtoto wake ajue bei ya kifo chake, na aliziweka kwangu kwa kuwa hakuna atakayepekua kasha la mke wa mtu.

“Mama, na ungekufa?” mume wangu akauliza.

“Mungenizika.”

“Kwa noti zipi?”

Hilo halikupata jibu.

Jumatatu, siku ya mwisho, foleni ya benki ilikuwa imetoka nje hadi kwenye jua. Tulipofika dirishani, keshia akataka kitambulisho, nambari ya simu, na maelezo ya pesa.

“Ni za nini, mama?”

“Za kufa,” mavyaa akasema. “Zishughulikie upesi, zisife kabla yangu.”

Benki Kuu ilitangaza baadaye kwamba kati ya noti za elfu za zamani karibu milioni 217, noti zipatazo milioni 7.4 hazikurudi. Magazeti yalifurahi kwamba mafisadi wamekomeshwa. Labda. Mimi huwaza ni ngapi zilikuwa chini ya droo, na mwenyewe ndiye aliyekuwa akijua peke yake, naye alishazikwa.

Julai 2020 bima ya amana ilipanda hadi shilingi 500,000, nikampelekea habari hiyo mbio. “Na laki ya sita?” akauliza. Nikamwambia hiyo haina bima. Hata hivyo akaunti amefungua, na daftari tunalo sasa: benki, chama, mwenye duka, nani anamdai na anamdai nani, na wanawe wote watatu wamelisoma mezani pamoja. Isipokuwa ukurasa wa mwisho, ambao ameuandika kwa hati ya Kiarabu, Kiswahili cha kizamani kisicho na irabu. Wifi, aliyehitimu madrasa, anaapa kwamba mstari wa pili unataja jikoni. Tangu hapo shemeji ana kiu isiyokwisha, na maji ya kwake hayamtoshi.