Barua ya wazi kwa Waheshimiwa wa ngazi zote: tutangazeni kuwa madini

Kwenu Waheshimiwa wa Kinshasa, wa jimbo, wa mji, wa komune, wa sekta na wa kartie,

Tunaandika kutoka Kolwezi. Sisi tupo, vumbi lipo, malori yapo. Tunawashukuru kwa kutusogezea serikali karibu. Zamani, Katanga ilipokuwa moja, mkubwa wetu alikaa Lubumbashi na mkubwa wake Kinshasa. Mtu akitaka kukutoza alihitaji kwanza nauli. Tangu mwaka 2015, Katanga ilipokatwa vipande vinne nasi tukaitwa Lualaba, serikali inafika sokoni kabla ya jogoo.

Dada yangu anauza sombe na unga wa bukari. Hajauza fungu la kwanza, ameshakatiwa tiketi ya ushuru. Anakuja mwingine na kitabu cha rangi nyingine: huyo ni wa ngazi nyingine. Wa tatu anadai ada ya usafi, naye amesimama juu ya takataka. Dada akiuliza hawa wanatofautiana vipi, anajibiwa, "Mama, ni ugatuzi huu." Akichelewa kulipa, ndoo ya unga inabebwa, na kesi ya ndoo haina pa kukatiwa rufaa. Jioni anahesabu tiketi kwanza, franka baadaye.

Msinielewe vibaya, ugatuzi siukatai. Katiba tuliyoipigia kura ya maoni Desemba 2005 naipenda, hasa pale inapoyapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, yakatwe palepale yanapopatikana. Ni maneno machache, hayana kona. Lakini ninyi mmeona ni afadhali pesa ipande ndege kwanza hadi Kinshasa, halafu jimbo lisimame mlangoni kama mtoto anayengoja chenji. Madiwani wa komune nao tumewachagua Desemba 2023, miaka 17 baada ya Katiba kutangazwa. Mtoza tiketi hakuhitaji miaka 17.

Kisha mkaturekebishia Sheria ya Migodi, Machi 2018. Mrabaha wa madini ukagawanywa vizuri kabisa: serikali kuu asilimia 50, jimbo 25, komune au sekta au uchifu wenye mgodi 15, na mfuko wa vizazi vijavyo 10. Nimejumlisha, ni 100 kamili. Kizazi ambacho hakijazaliwa kina fungu lake. Kilichozaliwa kinakatiwa tiketi.

Mtaniambia kwamba zile 15 ndizo zetu. Ahsanteni, tutazirudia. Kwanza naomba kuleta ombi.

Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2018 mliitangaza kobalti kuwa madini ya kimkakati, na mrabaha wake ukapanda kutoka asilimia 3.5 hadi 10. Naomba, kwa unyenyekevu mkubwa, mkazi wa Kolwezi naye atangazwe kuwa madini ya kimkakati. Amri ya mstari mmoja inatosha, na muhuri mnao, tena mwingi.

Fikirini faida yake. Kwanza tutahesabiwa. Sensa ya mwisho ya nchi hii ni ya 1984, lakini kobalti inapimwa kila lori. Tutapangwa foleni kwenye depo ya wanunuzi wa madini, tupigwe Metorex, ile mashine ya kupima ubora wa mawe: huyu ana shule asilimia ngapi, huyu ana maji safi kiasi gani, huyu ni udongo mtupu. Najua mnunuzi atasoma chini ya kipimo, lakini hilo tumelizoea. Tutatiwa kwenye gunia zuri lenye lebo na cheti cha asili. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku, atapakiwa kwenye lori lenye turubai na walinzi, barabara ifunguliwe mbele yake, na akichelewa saa moja, kampuni ya Ulaya itapiga simu kuuliza mzigo umekwama wapi. Umeme ndio utakuwa rahisi zaidi. Nyaya za kutoka Inga hadi hapa Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, zilikamilika mwaka 1982 na zikapita juu ya vijiji vyenye giza, kwa sababu ziliitwa na migodi, wala si na watu. Tukiwa madini, balbu itakuwa haki yetu kisheria.

Na bei! Februari 2025, bei ya kobalti ilipoanguka, mlizuia isitoke nchini, kisha Oktoba mkaweka viwango vya kuuza nje. Bei ya mkazi imeanguka miaka mingi na hakuna kikao kilichokaa hata mchana mmoja.

Gunia likipotea njiani, watu wanakamatwa. Juni 2019 ardhi iliwafukia wachimbaji wa mikono hapa pembeni mwa Kolwezi, wakafa zaidi ya 30, na hesabu ikabadilika kila aliposema mkubwa mwingine. Hao ni watoto wa watu! Tani za mwezi ule mnazo, zimeandikwa mpaka kilo. Maiti zetu ndizo zilizowashinda kuhesabu.

Samahani, Waheshimiwa. Kalamu imeteleza. Turudi kwenye adabu.

Najua mkishatutangaza mtatugawa kwa sheria ileile. Nimeshazungumza na dada. Nusu ya mwili, kuanzia kiunoni kwenda juu, mgongo ukiachwa, iende Kinshasa, maana huko ndiko kuliko na mdomo. Jimbo lichukue mapaja. Vizazi vijavyo vipewe mgongo, vitauhitaji. Anachoomba yeye ni kwamba miguu ibaki komune, ili iweze kusimama sokoni.

Maombi mengine ni madogo. Tiketi zote ziwe rangi moja, macho ya dada yamechoka. Mtoza ada ya usafi aonyeshwe ufagio, hata kwa picha. Barabara yanakopita malori zimwagiwe maji, nasi tupewe yatakayobaki, bidoni tunazo.

Na kama amri ya kututangaza madini ni nzito mno, fanyeni jambo dogo. Kila baada ya miezi mitatu bandikeni karatasi moja ukutani mwa kila komune: kampuni zimeleta kiasi gani katika zile 15, tiketi za soko zimeleta kiasi gani, na kimejengwa nini. Iwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa.

Nanyi wenzangu wa komune zetu za Dilala na Manika, mtoza tiketi akija kesho, mlipeni, kisha mwulizeni karatasi hiyo iko wapi. Sheria inasema pesa ya mrabaha inaingia komune. Soko analolipia dada yangu kila siku halina choo.