Punda Aliyebeba Pikipiki

Hapo zamani za juzi, Punda wa Nyamira alichoka kubebeshwa mikungu ya ndizi hadi soko la Daraja Mbili, Kisii. Akauza nusu ya shamba, akaongeza mkopo wa Fisi, akanunua pikipiki.

"Namba iko wapi?" akauliza Mbuzi.

Muuzaji alikuwa amebandika karatasi ya muda nyuma ya kiti. "Kibao cha KM chaja," alisema. "Kobe wa ofisi ya vibao yuko njiani."

Njia ya Kobe ni ndefu. Vibao vya nchi hii hutengenezwa na wafungwa gerezani Kamiti, kilomita 300 hivi kutoka kwenye migomba ya Punda. Tangu Agosti 2022 vimekuja vya kisasa, vyenye alama za siri zilizo ngumu kuiga. Mwendo wa Kobe umebaki ule ule wa babu yake.

Mvua za Gusii zikanyesha, wino ukachuruzika, siku za karatasi zikaisha.

Keroka, Kisii inapopakana na Nyamira, Chui aliweka kizuizi. Chui hachelewi kazini.

"Karatasi yako ilikufa jana."

"Tata, kibao hakijafika."

"Kuchelewa kwa Kobe hakuna tarehe. Kwako ipo, soma mwenyewe."

Punda akatoa kitu kidogo. Jioni akatoa tena, maana Keroka ina pande mbili.

Akaenda ofisini kwa Kobe. Kobe akachomoza kichwa, akasema, "Mtandao umelala," akakirudisha gambani.

"Mbuzi ndugu yangu," Punda akalalama, "anayegonga vibao amefungwa kwa kosa lake. Mimi nisiye na kosa ndimi niliyefungiwa nyumbani."

Kesho yake alfajiri akaonekana Keroka, pikipiki iko mgongoni. Chui akamzunguka mara tatu.

"Namba?"

"Tata, hii haitembei. Ni mzigo, na mzigo hauna namba."

Chui akafungua Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, akaipekua mwanzo hadi mwisho, akainua kizuizi.

Miezi ikapita hivyo. Aliyenunua pikipiki apumzishe mgongo sasa alibeba ndizi, pikipiki na petroli yake, na kila Ijumaa Fisi alikuja kudai.

Siku moja Kobe akafika na kibao na bisibisi. Akatazama juu, akatazama chini. "Kibao hufungwa nyuma ya kinachotembea barabarani," akasema, akakifunga mkiani mwa Punda, akamtia sahihi.

Jumatatu Chui akampigia saluti. Punda akapita Keroka halali kabisa, jasho likimtiririka.

"Sasa una namba," Mbuzi akamwambia. "Mbona huiteremshi pikipiki ukaipanda?"

"Weh! Nikiiteremsha," Punda akanong'ona, "itakuwa haina namba."