Barua ya Wazi kutoka kwa Mtu wa Tatu

Meneja wa Madai,
Kampuni ya Bima (jina mnalijua, limeandikwa kwenye miavuli mnayogawa),
Ghorofa ya Tatu,
Dar es Salaam.

YAH: MAOMBI YA KUGONGWA KWA KUFUATA UTARATIBU

Mheshimiwa Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote natumaini hujambo na kwamba lifti imetengenezwa. Mimi ni yule anayetajwa kwenye bima ndogo, mtu wa tatu. Nyie na mwenye daladala mlishamalizana zamani: alilipia stika kwa simu akiwa kituoni, injini inanguruma, na kabla konda hajamaliza kuita abiria bima ilikuwa hai. Mimi ndiye niliyekuwa barabarani.

Ajali yenyewe sina haja ya kuisimulia kwa urefu. Iko kwenye faili, na kama faili limepotea tena, kopi ninayo. Ilikuwa Barabara ya Kilwa, kwenye pundamilia, pale penye njia mbili zinazokwenda upande mmoja. Gari la njia ya kushoto lilisimama, dereva akanipungia mkono kwa upole nipite. Daladala ya njia ya kulia haikusimama. Kila anayevuka kwa miguu Dar anajua kwamba gari la kuogopa si lile linalokuja kasi, maana hilo unaliona. La kuogopa ni lile lililosimama kwa adabu, kwa sababu linamficha asiye na adabu. Kibao cha kilomita 50 kipo, kiko hatua chache kabla ya pale. Kimebandikwa tangazo la mganga wa kienyeji.

Tangu hapo nimekuwa mwanafunzi wenu, na nimejifunza kwamba mtu hagongwi mpaka karatasi ikubali. Mdogo wangu alikimbilia kituo cha polisi kuchukua fomu ya PF3 wakati mimi niko kwenye machela na unyayo umegeukia nilikotoka. PF3 nikaileta. Mkasema hii kopi, leta halisi. Polisi wakasema halisi imo kwenye jalada lililokwenda mahakamani. Mahakamani wakasema jalada lilisharudi polisi. Nikaleta kopi iliyogongwa mhuri, mkasema sawa, sasa tuletee ripoti ya polisi, PF90. Nikaleta PF90, mkataka mchoro wa ajali. Nikaleta mchoro, na kwa kweli umechorwa vizuri, pundamilia ina mistari yake yote na mimi ni herufi X. Mkataka ripoti ya ukaguzi wa gari, kisha ripoti ya daktari, kisha hukumu ya kesi ya trafiki. Dereva alikiri kosa, akalipa faini, akarudi kwenye usukani wiki hiyo hiyo. Mfupa wangu uliunga kabla nakala ya hukumu haijachapwa.

Halafu mkaomba karatasi ya mshahara. Mimi ni fundi cherehani, Meneja. Cherehani yangu ni ile nyeusi ya kukanyaga, na mshahara wangu umo kwenye daftari la wateja, kwa hiyo nikawaletea daftari. Kijana wenu akalifungua katikati, akasoma kwa sauti, "Mama Zuhura, kifua 42, kiuno 38, deni elfu saba," watu wote kwenye benchi wakamjua Mama Zuhura, kisha akaniuliza kwa nini ukurasa huo hauna mhuri.

Ni kwenye benchi hilo nilipong'amua tatizo liko wapi. Sisi watu wa tatu tunagongwa kiholela. Mtu anatoka nyumbani kwenda sokoni kununua uzi, anapigwa na gari katikati ya mambo yake, halafu ndipo anaanza kutafuta karatasi. Naomba basi, kwa heshima na taadhima, kampuni yako itoe Fomu ya Maombi ya Kugongwa, ijazwe kabla.

Iwe ya kurasa nne, iuzwe shilingi elfu tano zisizorudishwa. Sehemu A ni ya mwombaji: majina matatu, namba ya NIDA, na picha mbili ndogo za mguu, zilizopigwa ndani ya miezi sita, nyuma kukiwa na pazia la bluu, mguu ukitazama mbele bila kutabasamu. Iambatane na barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa isemayo: namtambulisha kwenu mkazi wangu tajwa hapo juu, ninamfahamu tangu ahamie, na ninathibitisha kwamba ana miguu miwili, yote ni yake na haina mgogoro. Mwenyekiti wetu ataandika. Ni mtu mwema. Mhuri wake una bei, lakini siku nyingine hutoa risiti.

Sehemu B ni aina ya gari. Mwombaji aweke tiki: bodaboda, bajaji, daladala, lori la mchanga, Mwendokasi. Asiye na uhakika aweke daladala. Gari liwe na stika hai, hivyo mwombaji asimame kituoni akiingiza namba za magari kwenye mfumo wa TIRA, wasimamizi wa bima, kwa simu yake, na akipata lenye bima isiyokaribia kuisha, amwendee dereva kwa heshima: kaka, samahani kukusumbua, wewe ndiye unayenifaa. Dereva asaini. Konda asaini kama shahidi wa kwanza. Shahidi wa pili awe abiria wa siti ya mbele, asiwe ndugu wa mwombaji, na awe tayari kushinda mahakamani siku za kazi kwa nauli yake mwenyewe.

Sehemu C ni kiungo. Mguu wa kushoto au wa kulia, juu ya goti au chini, na mwombaji akiwa fundi aeleze ni upi anaokanyagia. Mbavu ziombwe kwa idadi. Kichwa kiwe na fomu yake ya peke yake, ya rangi ya waridi, isainiwe na mrithi.

Sehemu D ni muda. Ajali ifanyike siku za kazi, saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, isiangukie mwisho wa mwezi wala siku mfumo uko chini. Trafiki afike mapema na futi yake ya kupimia, achore mchoro kwanza, sote tuukubali, ndipo gari lije lifuate mchoro. Daktari akae kivulini, kalamu mkononi. Hakimu, akipata nafasi, asome hukumu palepale ukingoni mwa barabara. Nikishagongwa nikabidhiwe bahasha moja yenye kila kitu halisi, saini zote kwa wino wa bluu, nami nitakaa kwenye lami nikihesabu kurasa kabla sijazimia. Nitazimia baada ya kusaini kitabu cha kupokelea.

Najua fomu hii italeta msongamano, lakini wateja si wachache. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema barabara huua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Hao ndio wasio na bampa. Hapo hawajahesabiwa tuliobaki hai na vyuma miguuni, ambao kwenu ndio wasumbufu zaidi, maana maiti haipandi ngazi kuulizia faili.

Unaweza kucheka hapo. Lakini dada wa pale kwako hakuwa anatania. Aliniona nikiingia na gongo, jasho linanitiririka, nimepanda ghorofa tatu ngazi moja moja kama mtoto anayejifunza kutembea. Akanipa pole. Halafu akaniuliza kama nina uthibitisho kwamba niliumia. Nikapandisha gauni, mbele ya wanaume waliokuwa pale. Kovu linaanzia juu ya kifundo linakwenda mpaka karibu na goti, na alama za nyuzi ziko pande zote mbili, nyingine pana, nyingine zimebanana. Fundi akinishonea pindo vile namrudishia nguo yake. Dada akatazama mguu, akatazama jalada, akasema, "Mama, hiyo naiona. Mimi naongelea iliyoandikwa."

Gari lenye bima kubwa likikwaruzwa, mnalipelekea mkaguzi. Nimemwona, alikuja mtaani kwetu kwa ajili ya gari la jirani. Alipiga picha, akapiga magoti mchangani kwenye jua la saa saba akapapasa bampa kwa vidole, akaandika kila mchubuko. Mimi hakuna aliyewahi kuja kunipigia magoti. Nililala nimefungwa hogo kuanzia pajani, mashine imefunikwa shuka, wateja wanakuja kuchukua vitambaa vyao kimoja kimoja kupeleka kwa fundi mwingine, na hakuna hata mmoja wenu aliyepiga simu kuuliza huyu mtu anakula nini. Bampa mnaijua bei yake kabla halijavunjika. Mguu wa mwanamke wa Mbagala mnauliza kwanza kama ulikuwa unaingiza kitu. Wanangu wamelalia chai ya rangi, na nyie mnagawa miavuli!

Samahani. Nilikuwa nasema kuhusu maombi mengine madogo madogo, ambayo najua hayatakuchosha.

Naomba Idara ya Madai ihamie chini na Idara ya Mauzo ipande juu. Wanaokuja kununua bima wana miguu, na kule chini ndiko kwenye kiyoyozi na bakuli la pipi. Naomba pia ule wimbo wa kwenye simu yenu, unaoahidi kuwa nami kila hatua, usiimbwe ninaposubiri kuunganishwa, kwa kuwa hatua zangu kwa sasa ni chache na nazijua zote. Na mkisema "njoo wiki ijayo" mtaje wiki ya mwezi gani.

Sasa kuhusu ofa mliyonipa. Nashukuru kwa kunialika na kuniwekea kiti. Laki tano mlizosema ni za moyo wa ubinadamu nimezipigia hesabu: zinalipa vyuma viwili na baadhi ya parafujo, nyingine zitabaki mguuni kwa mkopo. Karatasi ya kumaliza madai mliyonipa imeandikwa Kiingereza kuanzia juu mpaka chini, isipokuwa maneno "SAINI HAPA", ambayo mlihakikisha nimeyaelewa. Nilimpelekea binti wa jirani anayesoma sheria. Akaniambia nikisaini ndiyo basi, malipo kamili na ya mwisho, hata chuma kikija kukataa mwilini mwakani nitakihudumia mwenyewe.

Binti huyo ana vitabu. Amenionyesha kwamba Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, haikuwekwa kwa ajili ya mwenye gari wala kwa ajili yenu. Inalazimisha kila chombo cha moto kinachoingia barabarani kiwe na bima ili mtu kama mimi alipwe, na mahakama ikishampa ushindi, bima ndiyo inayotakiwa kulipa. Amenionyesha na nyingine, Sura ya 89, ya ukomo wa mashauri. Aliyeumizwa kwa uzembe wa mwingine ana miaka 3 ya kufungua shauri la madai. Ikipita, imepita. Nyie mmeijua siku zote. Kila mliponiambia faili liko kwa mkubwa, kila mlipogundua karatasi moja zaidi inayokosekana, kila mkubwa alipokuwa semina, saa ya ukomo huo ilikuwa inatembea, na ndiyo mashine pekee katika jengo lenu isiyoharibika. Tena mkaniita mama, mkanipa maji ya chupa, mkaniambia nisijali, haki yangu ipo. Mlikuwa mnanisubirisha nioze.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, fomu niliyoipendekeza muendelee nayo kwa ajili ya wengine. Mimi nitakuja Alhamisi nikiwa na wakili. Hana jina kubwa na koti lake nimelipunguza mabega mwenyewe, lakini miaka 3 haijatimia na yeye anajua kuhesabu. Ataleta hati ya madai, kopi za kutosha, zote zimegongwa mhuri. Tafadhali mwagize mlinzi atufungulie mlango wa nyuma wa kuingizia mizigo, una ngazi tatu tu, na wewe ushuke chini kuipokea hati.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtu wa Tatu,
Mbagala.

Nakala: Kamishna wa Bima
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa (kwa taarifa: mguu mmoja umeshatumika)